UZI: Unataka trekta ndogo iliyotumika ya Kijapani? Injini iangalie mwisho

Mleta uzi, Mabogini (Moshi)

Wakuu, habari za majukumu.

Msimu ukikaribia matangazo huwa yaleyale: "Kubota 4WD kutoka Japani, injini kavu, ni kuingia shamba tu, maongezi yapo." Kijana amejikusanya, pengine ameongezea mkopo wa SACCOS. Anafika, muuzaji anawasha, injini inaunguruma safi bila moshi, hela inatoka. Msimu wa pili trekta hiyo imeegeshwa nyuma ya nyumba. Injini bado nzima kabisa. Kilichokufa ni gia za ekseli ya mbele, au gia boksi iliyokunywa maji ya jaruba, na spea yake imetafutwa Moshi na Arusha mpaka Kariakoo bila kupatikana.

Mimi nalima mpunga huku Lower Moshi, skimu iliyojengwa kwa msaada wa Wajapani miaka ya 1980, kwa hiyo mashine zao tumekua nazo. Ninayo moja ya hosipawa 20 na kitu, nalimia kwangu na kukodisha kwa majirani. Nazipenda sana hizi trekta na ndiyo maana inaniuma kuona watu wanazinunua kwa masikio.

Msimamo wangu ni huu: kwenye trekta ndogo ya zamani, injini ndiyo sehemu yenye unafuu kuliko zote. Ringi, gasketi, nozo, beringi za injini, fundi anayejua kazi atavipata au atapata vinavyooana. Lakini pinioni (gia ndogo ya kuendeshea) ya ekseli ya mbele ya modeli iliyoacha kutengenezwa zaidi ya miaka 30 iliyopita huipati dukani. Utasubiri mtu mwenye trekta kama yako iliyokufa akuuzie ya kwake.

Kwanza kazi, halafu mashine

Trekta huvuta kwa uzito wake, namba ya hosipawa peke yake haivuti. Hizi ndogo nyingi zina kilo 500 hadi 1,000 hivi. Massey Ferguson 135, ambayo kwa macho yetu ni trekta ya kawaida tu, inakaribia kilo 1,500. Kwa hiyo ukiifunga Yanmar ndogo plau ya diski tatu kwenye udongo mweusi wa mbuga mwezi wa tisa, matairi yatazunguka palepale na utaua klachi. Kwa kazi hiyo kodi trekta kubwa.

Nguvu ya hizi ndogo ni rotaveta, ile mashine ya visu vya kukatakata udongo inayofungwa nyuma. Hapo uzito si hoja kubwa, kwa sababu visu vinavyozunguka vinaisukuma mashine mbele vyenyewe. Kuvuruga majaruba, kulainisha ardhi iliyokwishapigwa plau, kutengeneza vitalu vya mbogamboga, kupita katikati ya mistari ya migomba au kahawa ambako trekta kubwa haiingii: hapo hakuna wa kuigusa.

Hesabu ya kazi ifanyeni wenyewe kabla ya kuota biashara. Rotaveta yenye upana wa mita 1.3 ikitembea kilomita 2 kwa saa inageuza mita za mraba 2,600 kwa saa. Eka ni mita za mraba 4,047. Kwenye karatasi hiyo ni saa moja na nusu kwa eka. Ukiweka kona, mapito ya kupandana na muda wa kutoa majani kwenye visu, hesabu saa mbili. Siku ya kazi ni eka nne, tano kama majaruba ni makubwa na dereva hana papara. Anayekwambia eka kumi kwa siku na mashine hii, hata kama ni ndugu yako, mwombe akuonyeshe.

Majina na namba

Sokoni utakutana na Kubota, Yanmar, Iseki, Shibaura, Mitsubishi na Hinomoto. Herufi za mwisho ndizo zinazokwambia kama ni 4WD, yaani inavuta kwa magurudumu yote manne: Kubota huandika DT, Yanmar huandika D, Iseki huandika F. Yanmar F15D ni ya miguu yote minne, ila F15 bila hiyo D ni ya nyuma tu. Muuzaji akikuonyesha fimbo ya gia ya mbele kwenye mashine isiyo na herufi hiyo, soma kibati cha chesisi tena.

Namba zenyewe msiziamini sana. Kubota L1500 na L2000 zinakaribiana na hosipawa 15 na 20, lakini B7000 ni mashine ndogo, haifiki hata 20. Niliwahi kumsikia mtu sokoni akiiuza kama ya hosipawa 70.

Chapa ipi? Ile ambayo fundi wa kwenu ameshaifungua kabla yako. Huku kwetu ni Kubota na Yanmar. Kama wilayani kwenu Iseki ziko nyingi na za Kubota hazipo, nunua Iseki. Zunguka gereji mbili tatu kabla hujazungumza na muuzaji yeyote, uliza wanafungua zipi, na kubwa zaidi, uliza wanachinja zipi. Trekta iliyochinjwa kwa ajili ya spea ndiyo duka lako la kesho.

Sasa inama

Mpigie muuzaji mapema umwombe trekta isiwashwe tangu jana yake, na isisogezwe. Ukifika weka kiganja kwenye bloku. Ikiwa ya moto, kuna mtu ameshaibembeleza kabla hujafika, na hapo una sababu ya kurudi siku nyingine.

Kipimo changu cha kwanza hakihitaji hata ufunguo wa kuwashia. Chini ya gia boksi kuna boliti ya kumwagia mafuta. Chukua spana na chombo cheupe, ilegeze kidogo kidogo bila kuitoa, ngoja. Maji ni mazito kuliko mafuta, kwa hiyo trekta iliyolala usiku mzima maji yote yameshuka chini, nayo hutangulia kutoka. Yakitoka matone mawili ya unyevu halafu mafuta safi, hiyo ni mvuke wa kawaida. Ukitoka mkondo wa maji ya kutu, au kitu cheupe kama chai ya maziwa, mashine hiyo imezama majarubani na sili zake zimekwisha. Kumbuka kwamba nyingi ya hizi Kijapani hutumia mafuta yaleyale ya gia boksi kuendeshea haidroliki. Kwa hiyo maji hayo yameshapita kwenye pampu na valvu pia. Muuzaji akikukatalia kulegeza boliti hiyo, jibu umeshapata.

Fanya vilevile kwenye ekseli ya mbele. Pale gurudumu linapokatia kona kuna nyumba ya gia kila upande, na kila moja ina boliti yake. Sili za hapo ndizo zinazokaa ndani ya tope siku nzima. Mafuta yakivuja nje utayaona kwenye rimu. Ubaya ni kwamba panapotoka mafuta ndipo maji na mchanga vinapoingia, na mchanga ndani ya gia hizo ni msumeno. Rangi mpya sehemu hiyo peke yake inanitia shaka kuliko kutu ya kweli.

Halafu jeki. Weka magogo nyuma ya matairi makubwa, injini ikiwa imezimwa, ingiza gia, ingiza na 4WD, inua gurudumu moja la mbele. Jaribu kulizungusha kwa mikono. Linatakiwa likatae, licheze kidogo tu. Likizunguka, au likipita kwa kukwaruza "kra, kra", meno yamekatika. Ukiwa hapohapo litikise juu na chini, kisha kulia na kushoto, usikie beringi na tairodi. Shika na ekseli nzima katikati pale inaponing'inia kwenye pini: ikigonga, pini na bushi zimeliwa, ingawa hiyo fundi wa kukereza chuma anaimaliza.

4WD nyingi zinakufa kwa uzembe mmoja, nao ni kuendesha barabarani huku fimbo imeingia. Kwenye tope matairi huteleza na gia hupumua. Kwenye lami au changarawe ngumu mbele na nyuma hushindana, na anayekubali kushindwa ni pinioni. Ndiyo maana pia usibadilishe saizi za matairi ovyo. Mbele na nyuma zimepigiwa hesabu pamoja kiwandani. Mtu akikuuzia yenye tairi kubwa za nyuma "zilizoongezwa ili iwe juu", fahamu kwamba kila mita anayotembea na 4WD anazikaza zile gia.

Klachi: nyingi hukaa miaka kwenye yadi na sahani hugandana na gurudumu la injini. Kanyaga, ingiza gia taratibu, isipige kelele. Kubadilisha klachi maana yake ni kuitenganisha trekta vipande viwili, siku nzima ya fundi na msaidizi wake, kwa hiyo ikiwa mbovu bei ishuke kwa kiasi hicho na spea juu.

Haidroliki: inua rotaveta mpaka juu, zima injini, angalia kama inakaa. Kushuka polepole kwa muda mrefu si kesi, trekta nyingi za umri huu hushuka. Kushuka hadi chini kabla hujamaliza salamu na mwenye shamba, sili ya pistoni au valvu imekufa. Ikiwa inapanda kwa kudunda dunda, mafuta yamepungua, chujio limeziba, au pampu inavuta hewa.

Saa za mita puuza. Waya hukatwa, mita hubadilishwa. Mimi naangalia vitu ambavyo hakuna anayehangaika kuvibadilisha: chuma cha pedali ya klachi kama kimelainika na kung'aa, tundu za mikono ya kunyanyulia kama zimekuwa yai, na meno ya mhimili wa PTO (ule wa nyuma ya trekta unaozungusha vifaa) kama yamechongoka. Trekta yenye "saa 600" na meno ya PTO yaliyoliwa imefanya kazi mara nyingi ya hizo.

Rotaveta na mafungio yake

Rotaveta ya Kijapani mara nyingi imefungwa kwa mafungio yake maalumu, si zile pointi tatu za kawaida (mikono miwili ya chini na kiungo cha juu). Ukinunua bila kuangalia, kesho unataka kufunga haro au mashine ya kufyekea majani unakuta huna mikono ya chini wala kiungo cha juu. Dai vyote vihesabiwe kwenye bei. Pini za kawaida za vifaa tunavyokuta madukani huku, kategoria ya 1, ni milimita 22 kwa mikono ya chini. Zile ndogo sana zina 16. Nenda na kipande cha kupimia.

PTO za Kijapani nyingi zina spidi tatu au nne. Ya kwanza huwa karibu na mizunguko 540 kwa dakika, za juu hupita 1,000. Za juu ni za rotaveta yake kwenye udongo laini. Kijana asiyejua akifunga mashine ya kufyekea iliyotengenezwa kwa 540 akaiweka namba tatu, kisu kikiruka kinaua mtu. Hilo mwambieni kila dereva mtakayempa mashine, na mwambieni pia injini izimwe kabisa kabla ya kuingiza mkono kutoa majani kwenye visu.

Injini nimesema mwisho, basi kwa ufupi: iwake ikiwa baridi baada ya kupasha hita, moshi mweupe utoke kidogo na kukatika. Moshi wa bluu usiokatika ni oili inayoungua. Fungua kifuniko cha oili injini ikiwa inaunguruma. Ikipumua kwa nguvu, ringi zimekwisha. Fungua rejeta kabla haijapata moto, chungulia kama kuna mafuta juu ya maji au mapovu yasiyokoma.

Karibuni kwa maswali.

---

Mdau wa Ifakara

Mkuu umeshusha madini, ubarikiwe. Kuna Iseki ya 4WD hapa, mwenyewe anahama, bei nzuri kweli. Matairi ya mbele yamekwisha kabisa lakini ya nyuma bado mapya. Anasema nikinunua ya mbele tu nimemaliza. Hili nalo lina shida?

Mleta uzi

Lina shida ya aina mbili, kaka.

Ya kwanza ni kujiuliza kwa nini ya mbele yameisha yote na ya nyuma mapya. Ama ya nyuma yamebadilishwa juzijuzi, ama alikuwa anatembea barabarani na 4WD imeingia, na mbele ikawa inasuguliwa. Ukikuta meno ya tairi la mbele yamelika upande mmoja kama yamepigwa randa, ni hiyo ya pili. Hapo fanya kile kipimo cha jeki kwa makini sana.

Ya pili ni kuyapata. Saizi kama 6-14 au 7-16 za mbele na 8.3-24 au 9.5-24 za nyuma hazikai kwenye kila duka la tairi, wauzaji wengi wamezoea za trekta kubwa. Soma saizi iliyoandikwa ubavuni, piga simu maduka ya Dar na Morogoro kabla ya kutoa hela, upate bei ya mkononi. Hiyo ndiyo unaipunguza kwenye bei ya trekta, usipunguze ya kukisia.

---

Fundi, Mbarali

Mkuu heshima kwako, mengi ni kweli, lakini kwenye injini naomba nikupinge. Huku Usangu napokea trekta zilizokufa pampu ya dizeli. Ringi na pistoni sawa, zinapatikana. Pampu ya sindano si kila fundi anaigusa, inatakiwa ipelekwe kwenye mashine ya kupimia, na ukipiga hesabu ya pampu, nozo zote na usafiri, mteja anakaa chini. Sababu yenyewe ni dizeli ya kwenye madumu. Vijana wanachota dizeli na dumu lililokuwa na maji ya dawa, wanamimina bila chujio.

Mnunuzi aangalie kikombe cha kioo chini ya chujio la dizeli. Akikuta maji au uji mweusi, aombe afungue na tangi. Tangi likiwa na kutu ndani, pampu imeshaanza kuumwa hata kama leo inawaka.

Halafu kitu kingine wanachosahau: hewa. Huku tunalima ndani ya ukungu wa vumbi kabla maji hayajafunguliwa. Chujio la hewa likiwa limepasuka, injini iliyodumu miaka mingi Japani inamalizika msimu mmoja. Vua ule mpira unaoingiza hewa kwenye injini, pitisha kidole ndani. Ukikuta vumbi baada ya chujio, usinunue kwa bei ya injini nzima.

Mleta uzi

Fundi, kwenye pampu nakubali, nimekuelewa. Wasomaji, hicho cha kidole ndani ya mpira wa hewa kiingizeni kwenye ukaguzi wenu, ni kipimo cha dakika moja na hakidanganyi. Bado nasema ekseli ya mbele kwanza, kwa sababu pampu ina mahali pa kupelekwa.

---

Mdau wa Mwea, Kirinyaga

Salamu kutoka Kenya. Huku Mwea kazi yetu kubwa ni kuvuruga mashamba ya mpunga kabla ya kupandikiza, na hizi trekta ndogo zinafanya kazi nzuri kwa sababu kubwa zinazama. Naongeza kwamba magurudumu ya chuma ya kuzuia kuzama yanaokoa sana, lakini yanaongeza mzigo kwa ekseli ya nyuma. Ukikagua trekta iliyotoka kwenye mpunga, shika gurudumu la nyuma pia ulitikise, angalia kama mafuta yanavuja kuelekea kwenye breki. Breki zilizolowa mafuta hutazitambua mpaka siku uko kwenye mteremko wa mfereji.

---

Mzee wa Rombo

Vijana, hongereni. Swali langu ni hili: wakati wa Kilimo Kwanza mwaka 2009 tuliletewa pawatila, zile mashine za kulimia za magurudumu mawili, watu wakaziacha zikaoza. Kwa nini mtu mwenye eka mbili asirudi kwenye pawatila badala ya kununua trekta kuukuu?

Mleta uzi

Shikamoo mzee. Swali lako ni la msingi. Kwa eka mbili na mwili wenye nguvu, kwenye jaruba lenye maji, pawatila bado inalipa: dizeli kidogo, injini ya silinda moja, kila fundi anaiweza. Nyingi zilizooza zilipelekwa kwenye ardhi kavu ngumu ambako dereva anatembea kwa miguu nyuma ya mashine inayomrusha kutwa nzima. Baada ya wiki hakuna anayetaka kuishika.

Trekta ndogo inaanza kuwa na maana pale unapokuwa na eka zako kuanzia kama nane hivi, au una uhakika wa kulimia majirani. Chini ya hapo, mzee wangu, ni bora kukodi na hela kuiweka kwenye maji na mbolea. Na kwa milima ya huko Rombo naomba niseme wazi: hizi trekta za zamani nyingi hazina ule upinde wa chuma wa kumkinga dereva ikipinduka. Ni nyembamba, na ukiinua rotaveta uzito unapanda juu. Kwenye mteremko mkali msiende nayo.

---

Dada wa Mang'ola

Habari zenu. Sisi ni kikundi cha akina mama tunalima vitunguu, tunataka kununua moja ya pamoja. Kuna wanaotushauri tuagize Japani moja kwa moja kwenye mtandao, na kuna wanaosema tununue iliyopo Arusha tuione kwa macho. Na karatasi tuangalie nini?

Mleta uzi

Dada, hongereni kwa kuungana. Mimi kwa kikundi nashauri mnunue mnayoiona na kuigusa, labda muwe na mtu mnayemwamini huko Japani wa kuikagua. Kuagiza kunaweza kuwa nafuu kwenye picha, lakini bei ya kwenye tovuti mara nyingi haina meli, bima, gharama za bandari, wakala wa forodha wala usafiri wa Dar hadi Mang'ola. Trekta ya kilimo ina unafuu wa kodi ukilinganisha na gari dogo, ila zile gharama nyingine zote zinabaki. Wakala awape makadirio kwa maandishi kabla hamjatuma hata shilingi. Mkiagiza, ombeni video ya kuwashwa ikiwa baridi, picha ya kibati cha namba, picha za chini kwenye nyumba za gia za mbele, na picha ya mafungio ya rotaveta. Picha tatu za upande zenye rangi inayong'aa hazikusaidii chochote.

Mkinunua iliyopo nchini, dai kadi halisi. Linganisheni namba ya chesisi na ya injini iliyo kwenye kadi na iliyogongwa kwenye chuma, herufi kwa herufi, na mfute grisi muone kama haijakwaruzwa. Jina la kwenye kadi liwe la anayepokea hela. Ikiwa ni la marehemu, au la mtu "yuko Dubai", simamisheni mpaka warithi au mwenyewe wajitokeze na karatasi. Mkataba wa mauziano uandikwe mbele ya mwanasheria, halafu umiliki uhamishwe TRA kwa jina la kikundi kilichosajiliwa, si la mwenyekiti. Hilo la mwisho ndilo linalovunja vikundi vingi kuliko hata ubovu wa mashine.

Na kabla ya kununua kaeni muandike nani anaendesha, nani anashika hela ya kukodisha, na kila eka ikilimwa kiasi gani kinawekwa akaunti ya matengenezo. Dereva awe mmoja, alipwe. Trekta ya kila mtu kuendesha haimalizi mwaka.

Dada wa Mang'ola

Asante sana kaka. Udongo wetu wa kumwagilia ni laini, matuta yetu ni madogo. Hosipawa 15 itatosha au tupande?

Mleta uzi

Kwa udongo laini na matuta ya vitunguu 15 inafanya kazi, lakini kwa kikundi ningepanda hadi 20 hivi. Tofauti ya bei si kubwa sana na ya 20 haitakuwa inakamuliwa hadi mwisho kila siku. Kwa kukadiria, kila hosipawa moja inamudu kama sentimita 6 hadi 7 za upana wa rotaveta, kwa hiyo ya 20 inabeba mita 1.3 bila kulia. Pimeni kwanza upana wa matuta yenu na nafasi kati ya matairi, muone kama yatapita bila kukanyaga tuta. Matairi ya nyuma ya nyingi yanaweza kugeuzwa rimu ili kupanua au kubana.

---

Mdau wa Ifakara

Mkuu nimerudi. Nimeongea na yule wa Iseki, Jumamosi naenda. Amekubali nilegeze boliti ya gia boksi ila amesema nisiguse ya ekseli ya mbele kwa sababu "ilifungwa kiwandani". Nibebe nini na nifanyeje kuhusu hiyo?

Mleta uzi

Kaka, boliti ya kumwagia mafuta imewekwa ili ifunguliwe, mafuta ya huko yanatakiwa kubadilishwa kama kwingine. Mwambie kwa heshima kwamba utanunua na kumwekea mafuta mapya wewe mwenyewe kwa gharama yako, papo hapo, baada ya kukagua. Mwenye mashine nzima hatakataa mafuta ya bure. Akikataa hata hivyo, mpe bei ya trekta inayovuta kwa magurudumu ya nyuma tu, na akikataa hiyo pia, rudi nyumbani na hela yako.

Beba seti ya spana na soketi, jeki ya tani mbili au zaidi na magogo, tochi, chupa nyeupe ya plastiki iliyokatwa, matambara, lita chache za mafuta ya gia, na futi kamba ya kupima mafungio. Kama unaweza, mlipe fundi wa hapo Ifakara nauli na posho akusindikize, awe fundi asiyefahamiana na muuzaji. Anza na boliti, kisha jeki, kisha PTO na haidroliki, ndipo umwambie awashe. Ukipata picha za kile kilichotoka kwenye boliti za mbele, zitupie hapa kabla hujalipa, mimi na fundi wa Mbarali tutaangalia.

Fundi, Mbarali

Nipo. Piga picha na kibati cha namba ya modeli, kuna Iseki moja nimeichinja hapa gereji. Ikiwa ni jamii hiyo nakuwekea pinioni na nyumba ya gia ya kulia.